Obi Okonkwo na Kalamu Nyekundu: Kusoma Riwaya katika Somo la Kiingereza la Vyuo vya Theolojia

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia somo la Kiingereza huhesabiwa kuwa mtumishi wa masomo mengine. Mwanafunzi huletwa kwake ili apate sarufi ya kumwezesha kusoma vitabu vya dogmatiki na historia ya Kanisa, pamoja na ustadi wa kuandika tasnifu yake ya mwisho. Akishayapata hayo, huona kwamba hana haja nalo tena. Riwaya moja au mbili zilizomo katika muhtasari wa somo huchukuliwa kama burudani baada ya kazi. Muhula unapokuwa mfupi ndizo za kwanza kuondolewa, na nafasi yake huchukuliwa na stadi za mawasiliano, yaani namna ya kuandika barua rasmi, taarifa na kumbukumbu za kikao.

Sina ugomvi na barua rasmi. Mchungaji asiyeweza kuandika taarifa ya usharika wake ni mzigo kwa wazee wa Kanisa. Walakini nauliza: mtu anayejiandaa kwa huduma ya Neno hujifunza nini anaposoma hadithi ya kubuni kwa lugha ambayo si ya mama yake, na kisha kutakiwa kuandika juu yake? Jibu ninalokusudia kulitetea katika makala hii ni kwamba hapo hujifunza, au hukosa kujifunza, kumshuhudia mwenzake kweli. Kwa hiyo jambo hili si la sarufi peke yake. Ni jambo la Amri ya Nane.

Wako watakaosema kwamba hadithi za kubuni si kazi ya chuo cha Biblia. Hao na wajibiwe na Luther mwenyewe. Mwaka 1523, katika barua yake kwa mshairi Eobanus Hessus, alieleza kwamba theolojia safi haiwezi kusimama pasipo elimu ya fasihi, na akatamani vijana wengi wajifunze ushairi na ufasaha wa usemi, kwa kuwa masomo hayo humwandaa mtu kuyashika Maandiko kwa ustadi. Mwaka uliofuata aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kuzitunza lugha. Mtu huyu hakuiona fasihi kuwa burudani.

Ili nisiseme kwa jumla tu, nitachunguza kitabu kimoja, yaani No Longer at Ease cha Chinua Achebe, kilichotolewa mwaka 1960. Nimekichagua kwa sababu mhusika wake mkuu ni mtoto wa katekista aliyepelekwa ng'ambo na kusoma fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu. Hiki ni kitabu cha fasihi kinachouliza elimu ya fasihi imemfaa nini mtu aliyeipata.

2. Mwandishi na kitabu chake

Achebe, aliyefariki mwaka 2013, alizaliwa mwaka 1930 huko Ogidi, mashariki ya Nigeria, katika nyumba ya mwalimu wa misheni ya Kianglikana. Aliingia Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1948 kusomea udaktari, kisha akayaacha masomo hayo na kushika Kiingereza, historia na elimu ya dini. Riwaya yake ya kwanza, Things Fall Apart ya mwaka 1958, inajulikana kwa wasomaji wetu wengi, na wengine wameisoma katika tafsiri ya Clement Ndulute iitwayo Shujaa Okonkwo. Humo twamwona Okonkwo wa Umuofia akijinyonga baada ya dunia yake kuvunjika, na mwanawe Nwoye akijiunga na Wakristo.

No Longer at Ease inaendeleza ukoo huo. Nwoye sasa ni mzee Isaac Okonkwo, katekista mstaafu. Mwanawe Obi amepelekwa Uingereza kwa mkopo wa pauni 800 uliotolewa na Chama cha Maendeleo cha Umuofia. Wanachama walitaka asome sheria ili awatetee katika kesi za ardhi. Yeye akasoma Kiingereza. Anarudi Lagos, anapata kazi serikalini katika ofisi inayohusika na ufadhili wa masomo, na anamchumbia Clara, muuguzi. Clara ni osu, yaani mzao wa watu waliowekwa wakfu kwa miungu zamani na kutengwa na jamii kizazi hata kizazi. Wazazi wa Obi wanaikataa ndoa hiyo. Madeni yanaongezeka. Uchumba unavunjika, Clara anatolewa mimba kwa siri, na mama yake Obi anafariki. Mwishowe Obi, aliyekuwa ameichukia rushwa kwa moyo wake wote, anaipokea, anakamatwa na kuhukumiwa.

Mwandishi hakutuficha mwisho huo, kwa maana kitabu kinaanzia mahakamani. Jaji anashangaa mbele ya watu jinsi kijana mwenye elimu na matumaini kama hayo alivyoweza kutenda jambo hilo. Bwana Green, mkubwa wa Obi kazini, anayo majibu yake tayari kuhusu Waafrika wote. Watu wa Umuofia nao wana yao. Katika ukurasa wa mwisho twarudishwa kwenye mshangao uleule, na twaambiwa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeelewa. Kati ya kurasa hizo mbili msomaji amepewa kile ambacho jaji hakuwa nacho: maisha yenyewe, siku kwa siku, deni kwa deni. Akifika mwisho bila kujua zaidi ya jaji, basi hakusoma.

Jina la kitabu limetoka katika shairi la T. S. Eliot la mwaka 1927, ambamo mmoja wa mamajusi anasimulia safari yao na jinsi nchi yao ilivyowawia ngeni waliporudi. Achebe alijua alichokichukua. Majusi yule alirudi akiwa mgeni kwao kwa sababu alikuwa amemwona Mtoto. Obi naye amerudi akiwa mgeni kwao, lakini alichokiona huko ni shahada. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwa watu wa chuo cha theolojia ingekuwa swali la kwanza la kujadiliwa darasani.

3. Hadithi zilizokatazwa

Katika sura ya sita mna kisa kifupi ambacho kila mwalimu na kila mchungaji angefaa kukitafakari. Hannah, mke wa Isaac, alikuwa akiwasimulia binti zake ngano za kwao. Mumewe akamkataza, akisema kwamba hadithi za namna hiyo si za watu wa Kanisa. Mke mtii akaacha. Obi, aliyezaliwa baadaye, akakua bila hata ngano moja. Shuleni kulikuwa na kipindi ambamo mtoto huitwa mbele kusimulia. Siku Obi alipoitwa alitamka maneno ya kuanzia hadithi, kama desturi ilivyo, kisha midomo ikatetemeka na hakuna lingine lililotoka. Wenzake wakamcheka, naye akarudi mahali pake akilia.

Alipomweleza mama yake, yeye alingoja hadi baba alipokwenda kwenye ibada ya maombi ya jioni, ndipo akamsimulia mwanawe ngano. Majuma kadhaa baadaye Obi akaitwa tena. Safari hii alisimulia habari za chui, na mwishoni akaongeza kipande chake mwenyewe kilichowafanya wote wacheke. Hicho kilikuwa kitendo chake cha kwanza cha utunzi, nacho alikifanya kwa hadithi iliyopatikana kwa kificho.

Hatuna haki ya kumcheka mzee Isaac. Aliacha nyumba ya baba yake kwa sababu ya Injili, akaogopa kwamba kila uzi unaomfunga na nyumba ile ungemvuta arudi. Nyumba zetu za kichungaji zimejua hofu hiyo. Lakini tazama matokeo. Baba anayekataza ngano ni huyohuyo anayeheshimu maandishi kiasi kwamba haharibu karatasi yoyote. Anamfundisha mwanawe kwamba michoro ambayo wanawake hujipaka mwilini hufutika, bali maandishi ya Mzungu hayafutiki, na kwa ushahidi anataja jibu la Pilato kwa makuhani waliotaka anwani ya msalabani ibadilishwe. Katekista anachukua fundisho la uthabiti wa maandishi kutoka kinywani mwa hakimu aliyemtoa asiye na hatia asulibiwe! Achebe hasemi lolote juu ya hilo. Anaweka jina la Pilato mbele yetu na kupita. Anayezijua Injili husimama hapo, kwa maana anajua pia kwamba anwani ile ilikuwa kweli ingawa mwandishi wake hakuiamini. Huenda maandishi yakawa ya kweli na mwandishi wake akawa mwongo. Na kinyume chake chawezekana vilevile.

4. Kiingereza cha kujaza kinywa

Obi anaporudi kutoka Uingereza, chama chake kinamfanyia tafrija. Katibu anasoma risala ndefu yenye maneno mazito, na wasikilizaji wanaburudika. Kisha Obi, aliyevaa shati tu bila koti, anajibu kwa Kiingereza chepesi, cha vitenzi vya kawaida. Watu wanavunjika moyo. Kiingereza cha katibu ndicho walichokilipia pauni 800, na sasa mtu wao amerudi akisema kama mtu wa kawaida.

Wanafunzi hucheka sana wasomapo hapo, kisha huenda kuandika insha zao kama katibu. Nawaelewa. Katika jamii ambayo lugha ya kigeni ni ngazi ya cheo, neno refu ni kama suti: huvaliwa ili mtu aonekane. Ugonjwa huo umo hata katika Kiswahili chetu cha madhabahuni, ambapo mhubiri hutumia maneno matatu ya kitheolojia mahali ambapo moja la nyumbani lingetosha. Achebe ameonyesha katika ukurasa mmoja kile ambacho vitabu vya homiletiki hukieleza kwa sura nzima, kwamba msemaji aweza kupendwa kwa sababu hakueleweka.

Lakini yeye haishii hapo, wala hamfanyi Obi kuwa shujaa wa usemi wa kweli. Obi huyuhuyu anapokwenda kwa chama kuomba apewe miezi minne kabla ya kuanza kulipa mkopo, wanamkubalia. Ndipo mwenyekiti, kwa sauti ya mzazi, anapogusia habari za msichana asiyemfaa. Obi anaruka kwa hasira, anaukataa msamaha aliokwisha kupewa na kuapa kulipa mara moja. Tangu hapo pauni 20 kila mwezi zinakwenda kwa chama na pauni 10 kwa wazazi, zaidi ya nusu ya mshahara wake, kabla hajahesabu kodi, bima ya gari na karo ya mdogo wake. Shahada yake ilimpa maneno mepesi ya kuhutubia. Haikumpa maneno mepesi ya kusema, Ndugu zangu, nimeelemewa.

5. Tanzia mezani na tanzia nyumbani

Katika usaili wa kazi mwenyekiti wa tume, mpenda vitabu, anazungumza na Obi juu ya riwaya ya Graham Greene, The Heart of the Matter, ambayo ofisa wake wa polisi hujiua mwishoni. Obi anasema kujiua kunaiharibu tanzia, kwa kuwa humpa msomaji faraja ya bei rahisi. Tanzia ya kweli, kwa maoni yake, haina mwisho. Anamtaja mzee mmoja wa kijijini kwao, Mkristo, aliyepatwa na msiba juu ya msiba, akayafananisha maisha na bakuli la uchungu ambalo mtu hulinywa kidogo kidogo bila kulimaliza.

Jibu hilo ni zuri, na kazi anaipata. Lakini msomaji wa kitabu cha kwanza anajua jambo ambalo wasaili hawalijui: babu wa kijana huyu alijinyonga. Obi anazungumza kwa ufasaha juu ya kifo cha kubuni, na wala hakigusi kile cha nyumbani kwake. Fasihi imekuwa kwake chumba cha kupokelea wageni. Jikoni hajaingia nayo.

Anaingizwa jikoni usiku ule anaporudi kijijini kuzungumza na baba yake habari za Clara. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kilele cha kitabu kilipo. Obi anamjibu baba yake kwa maneno ya baba yake: wazee wetu, katika giza lao, walimwita mtu asiye na kosa osu, je, sisi tulioiona nuru ya Injili tutafanya vivyo hivyo? Kwa hoja ameshinda. Katika kitabu cha kwanza, huko Mbanta, Kanisa changa liliwapokea maosu kwa gharama kubwa. Lakini mzee anamjibu kwa Naamani, jemadari mkuu aliyekuwa na ukoma. Ndivyo osu alivyo machoni pa watu wake. Andiko kwa andiko, na Clara hayupo chumbani.

Baadaye mzee anaeleza jambo ambalo hajawahi kumweleza mwanawe. Zamani, akiwa mwanafunzi chini ya mwalimu Mzungu, alipewa habari kwamba baba yake amejinyonga. Aliwajibu waleta habari kwa neno la Bwana wetu juu ya wale waushikao upanga. Mwalimu wake akamwambia kwamba hilo halikuwa neno la kufaa kusemwa, akamwagiza aende nyumbani kwa maziko. Yeye akakataa.

Twaona basi kwamba andiko la kweli laweza kutumiwa kushuhudia uongo. Neno lilikuwa sahihi, rejeo lilikuwa sahihi, na Okonkwo kweli alikuwa mtu wa upanga. Lakini mwana alilitumia ili asilazimike kwenda kumwangalia baba yake. Na tukumbuke kwamba mama yake Obi atakapofariki, Obi naye hataenda maziko. Baba alijikinga kwa aya, mwana hakuwa na hata aya. Mwandishi ameyaweka maziko hayo mawili sambamba bila kuyatolea maelezo. Hukumu ya kazi hiyo ameiacha kwetu.

6. Kasoro za riwaya

Mhakiki asipotaja kasoro amekuwa mpiga debe. Kasoro kubwa ya kitabu hiki ni Clara. Twajua machozi yake na hasira yake, twamwona akirudisha pete, kisha baada ya hospitali anatoweka. Mtu aliyeumizwa kuliko wote katika hadithi hii, na desturi, na Kanisa, na mchumba wake, hapewi hata ukurasa mmoja wa kufikiri peke yake. Inawezekana kusema kwamba hivyo ndivyo Obi alivyomwona, na kwamba kitabu kimefungwa ndani ya macho ya Obi. Utetezi huo haunitoshi, kwa sababu mara kadhaa msimulizi hutoka nje ya Obi na kutuonyesha mawazo ya wengine. Angeweza kufanya hivyo kwa Clara.

Wengine hulalamika kwamba anguko lenyewe limesimuliwa kwa haraka mno, kurasa chache tu za mwisho. Hapa naona tofauti. Rushwa haimwingii Obi kama radi. Inaingia kama lile bakuli la mzee, kidogo kidogo, wakati madeni yanapungua na dhamiri inaendelea kuuma. Twaambiwa kwamba hakuizoea, na kwamba alikuwa amekwisha kuamua kuacha wakati zilipokuja pauni 20 za mwisho, zile zilizotiwa alama. Ufupi huo ni wa kweli. Dhambi nyingi tunazoletewa katika huduma hazina sura ndefu. Sura ndefu ni zile zilizotangulia, ambamo hakuna aliyeuliza.

7. Kalamu nyekundu

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wa kwanza nilipofundisha riwaya hii niliwapa wanafunzi swali la kawaida: eleza sababu za kuanguka kwa Obi Okonkwo. Insha zilizorudi zilifanana kama ndugu. Sababu zilikuwa tano, kwa mpangilio uleule, kutoka katika kijitabu kimoja cha mwongozo. Siku hizi hata kijitabu hakihitajiki, kwa kuwa mwongozo umo katika simu ya mkononi, na zipo programu za kompyuta zinazomwandikia mtu insha nzima. Iliyokuwa bora kuliko zote iliandikwa kwa Kiingereza kisicho na doa. Ilimhukumu Obi kwa ukosefu wa imani na kumalizia kwa aya ya Biblia. Niliipa alama za juu kabisa.

Insha nyingine ilikuwa na makosa karibu kila mstari. Mwandishi wake alieleza, kwa vitenzi visivyopatana na wakati, kwamba yeye mwenyewe alisomeshwa kwa mchango wa kijiji. Alisema alipofika mahali pa kuapa kulipa mara moja alifunga kitabu, kwa sababu aliijua hasira ile. Akauliza: katika kitabu chote, ni nani aliyemwuliza Obi, Hali yako ya fedha ikoje, ndugu? Nilipigia mstari mwekundu vitenzi vyake, kimoja baada ya kingine. Pembeni pa swali lake sikuandika kitu. Nilimpa alama za mtu aliyeshindwa kidogo.

Leo naiona siku ile kwa namna nyingine. Yule wa kwanza alifanya kile alichokifanya Isaac kijana: alitumia andiko la kweli ili asiende kwenye maziko. Mimi, niliyekuwa katika nafasi ya yule mwalimu wa misheni, sikusema kwamba hilo si neno la kufaa, nilimpongeza. Yule wa pili alikuwa amesoma. Alimwendea mtu mwingine, akamkuta amekaa katika deni, akakaa naye. Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba Amri ya Nane haiishii katika kutomsingizia jirani. Yatutaka pia tumtetee na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Mwanafunzi yule alikuwa ameitimiza amri kwa Kiingereza kibovu, nami nikamwadhibu kwa ajili ya Kiingereza. Na maandishi ya kalamu nyekundu, kama yale ya Pilato, hayafutiki kirahisi. Kijana yule hakuandika tena juu yake mwenyewe katika somo langu. Aliandika sababu tano.

8. Mapendekezo

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi iondolewe, na Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Mjadala ule ulihusu hasa vitabu gani visomwe, nao ulizaa matunda. Ndiyo sababu Achebe yumo katika madarasa yetu. Lakini kubadilisha kitabu bila kubadilisha namna ya kusoma ni kumhamisha mgonjwa kitanda. Obi angeweza kusoma waandishi wa Kiafrika watupu na bado asiwe na neno la kumwambia baba yake. Kwa hiyo nawapendekezea walimu wenzangu mambo matatu.

Kwanza, swali la insha liwe ni swali ambalo mwongozo hauwezi kulijibu. Badala ya kuuliza sababu za kuanguka, tumwambie mwanafunzi achague ukurasa mmoja ambamo mtu angeweza kumsaidia Obi na hakumsaidia, aeleze kilichosemwa na kilichokosekana. Mwenye kuufanya huo ameanza kazi ya uchungaji.

Pili, tusahihishe mara mbili. Katika kusoma kwa kwanza kalamu nyekundu ikae mezani, nasi tumjibu mwandishi juu ya alichokisema. Katika kusoma kwa pili tusahihishe sarufi, na tuisahihishe kwa ukamilifu, kwa sababu sentensi mbovu pia yaweza kumshuhudia mtu uongo. Kumhurumia mwanafunzi kwa kumwachia makosa yake si upendo.

Tatu, ngano na hadithi za nyumbani ziruhusiwe kuingia darasani kwa mlango wa mbele. Mwanafunzi asimulie kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama yake akipata wa kumwelewa, ndipo aandike kwa Kiingereza. Asiwepo mtoto wa Kanisa atakayesimama mbele ya wenzake akiwa na maneno ya kuanzia tu.

9. Hitimisho

Jaji wa Lagos aliuliza swali zuri, lakini aliliuliza baada ya kesi kwisha. Wanafunzi wetu watakuwa wachungaji, na watu kama Obi watakuja kwao kabla ya kesi: mwalimu, mhasibu wa usharika, muuguzi, na pengine mchungaji mwenzao. Sheria wataijua, kila mtu aliyemzunguka Obi aliijua. Injili haisemwi kwa mtu ambaye hatujamtazama. Ikiwa kijana amejifunza katika somo la Kiingereza kumsoma mtu wa kubuni hadi mwisho kabla ya kumwandikia hukumu, basi somo hilo limeitumikia theolojia kuliko tulivyoliomba.

Insha ile ya pili sikuihifadhi. Swali lake nimelihifadhi, nami hulisoma kila mwaka mbele ya darasa jipya kabla hatujafungua kitabu.